Sensa Tatu Njiani Kwenda Kanduyi

Dada zangu, mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kwenye mashine yangu ya kusaga, na wawili wenu mkanifuata hadi shambani: "Mama Barasa, ni kweli ulilala njiani kutoka hapa Saboti kwenda Bungoma? Bungoma hii hii?" Ni kweli. Naandika mara moja msome wote, kwa sababu kila nikisimulia kwa mdomo hasira inanipanda upya na unga wa wateja unamwagika.

Kaka yangu Wanyonyi, anayekaa Kanduyi pale Bungoma, alikuwa anatarajia wageni Jumamosi: wazazi na wazee wa kijana anayetaka kumuoa binti yake, Nanjala. Mnajua kwetu mazungumzo kama hayo hayaendi bila senge, yaani shangazi wa msichana. Na senge ni mimi. Wanyonyi hana dada mwingine. Kwa hiyo sikuwa naenda kama mgeni wa kula na kupiga vigelegele. Nilikuwa na kiti changu pale na maneno yangu ya kusema.

Tukaondoka Ijumaa asubuhi ili tusiwe na haraka. Nyuma ya gari tuliweka mkungu wa ndizi na gunia la unga wa wimbi. Mimi nikashika usukani kama kawaida. Mume wangu, Baba Barasa, ni fundi cherehani. Hajawahi kuendesha gari na hajawahi kutamani.

Saboti hadi Kitale

Gari liliwaka kwa shida. Nilizungusha ufunguo, injini ikazunguka na kuzunguka kama mtu anayetafuta neno, kisha ikashika. Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Nikasema ni baridi ya mlima. Lakini tulipokaribia Kitale gari likaanza kushtuka, na tulipopita tuta la kwanza la mjini likazima katikati ya barabara, lori likipiga honi nyuma yetu.

Vijana wa boda wakatusukuma hadi gereji. Fundi wa pale alikuwa na kimashine chake cha kusoma makosa ya gari. Akakichomeka chini ya usukani, akasubiri, akatikisa kichwa, kisha akamgeukia Baba Barasa.

"Mzee, ni sensa ya kamshafti."

"Mwambie mama," Baba Barasa akasema. "Ndiye dereva."

"Sawa mzee. Sasa hiyo sensa yako imekufa."

Nilisimama hapo hapo, ufunguo mkononi. Nikauliza hiyo sensa inafanya kazi gani. Akamweleza Baba Barasa kwamba ndani ya injini kuna chuma kinachozunguka na kufungua vali, na sensa ni kidude kinachoiambia kompyuta ya gari kile chuma kimefika wapi. Kompyuta isipopata habari haijui ni lini itoe mafuta, na gari kama letu huzima.

"Na umejuaje kwamba ni sensa imekufa?" nikauliza.

"Mashine imesema, mama." Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza.

Akafungua boliti moja, akaitoa ile ya zamani, akatia mpya, akafuta lile kosa kwenye kimashine. Injini ikawaka mara moja. Nikafurahi, nakiri. Ile ya zamani nikaiomba, nikaitia kwenye mkoba. Nimeendesha mashine ya kusaga miaka mingi na nimejifunza kutomwachia fundi kipuri changu, hata kama kimekufa.

Kitale hadi Kiminini

Tulikwenda vizuri mpaka injini ilipopata joto. Kabla ya Kiminini kuna matuta yaliyopangwa kama mistari ya mahindi, hayana rangi wala kibao, na aliyeyaweka nadhani hana gari. Tuta la kwanza, taa ikawaka. La pili, kimya. Tukateleza hadi pembeni, mbele ya nyanya aliyekuwa anachoma mahindi.

"Ni nini kimeharibika?" akauliza.

"Sensa," Baba Barasa akajibu.

"Sensa tena? Si tulihesabiwa?" Akamwita jirani yake. "Kujeni, hawa ni watu wa serikali!"

Wakaja watu, dada zangu. Mmoja akataka kujua kwa nini boma lake lilirukwa mara ya mwisho. Mwingine alikuwa amekuja na kitambulisho mkononi. Ilibidi niinue boneti na kuonyesha kwa kidole ndipo wakaamini kwamba hatukuja kumhesabu mtu. Yule nyanya akacheka hadi akakaa chini, akatupa mahindi mawili ya bure, yenye pilipili na ndimu. Hiyo ndiyo huduma bora tuliyopata siku hiyo.

Fundi wa Kiminini akaja na kimashine kama kile cha Kitale. Akasoma. "Sensa ya kamshafti."

"Hiyo tumebadilisha saa hii, Kitale," nikasema.

"Basi mlipewa feki." Akamtazama Baba Barasa kwa huruma. "Mzee, hao wa Kitale ni wezi bana."

"Mimi ni fundi pia," Baba Barasa akasema, akitaka kuonyesha kwamba hadanganyiki ovyo.

Yule akachangamka. "Ah! Kumbe ni sisi kwa sisi! Wa injini ama wa bodi?"

"Wa suti."

Akatia sensa nyingine. Gari likawaka. Akaliacha linaunguruma, akaegemea injini kuikaza ile boliti, na kiwiko chake kikasukuma ule mrija mweusi unaofunika nyaya. Injini ikakata papo hapo. Alipoinua mkono na kuniambia niwashe, ikawaka. Niliona kwa macho yangu.

"Umegusa nyaya, ikazima," nikasema.

"Hayo ni mafuta, mama. Petroli imekuja na hewa."

"Mimi nina mashine ya kusaga. Waya unaweza kukatika ndani na nje unang'aa kama mpya. Pima huo waya."

"Mama, mashine ya posho ni mashine ya posho." Halafu akamgeukia mume wangu. "Mzee, mama anajua sana, eh?"

"Anajua," Baba Barasa akasema, bila kutabasamu. Ninampendea hayo.

Lakini fundi hakupima. Kipimo hakuwa nacho, na hakutaka kusema kwamba hana. Tukaondoka na sensa ya pili mkobani, jua limeshapinda.

Kamukuywa, kwa Mama Njeri

Mnaijua ile barabara inavyoteremka kwenye daraja la Kamukuywa. Gari lilizima tukiwa kwenye mteremko, usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia, na breki zikagoma kulainika. Nililaza mguu wangu wote juu ya pedali. Baba Barasa alishika mlango kwa mikono miwili. Tulisimama pembeni, karibu na duka. Hapo nilimkumbuka yule mtu wa kiwiko na nikasema maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa Mama Mchungaji naye atasoma.

Nikampigia Wanyonyi. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Akaniambia niache gari, nipande boda hadi kwake. Na unga? Na ndizi? Na mume wangu mwenye magoti yale? Nikamjibu kwa sauti: "Siji na boda! Nitakuja na hili gari, hata likitambaa!" Laini ikakatika. Nikajua amenisikia.

Mwenye duka alikuwa mama mmoja aitwaye Mama Njeri, ambaye wazazi wake walihamia upande huu kutoka Nyeri kabla hajazaliwa. Alitutolea viti, akauliza safari ni ya wapi.

"Tunaenda Kanduyi kumsindikiza binti yetu," Baba Barasa akasema, kwa uchovu.

Uso wa Mama Njeri ukabadilika. "Woi. Poleni sana. Alikuwa mkubwa?"

"Ndiyo, amemaliza chuo."

"Na Mungu akamtaka hivyo tu!" Akafunga duka mapema, akatuingiza ndani, akatupakulia mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa pamoja, na kitoweo cha maharagwe, na kabla hatujagusa kijiko akasimama kuomba. Aliomba faraja kwa familia, akaomba machozi yafutwe, akamkemea shetani wa barabarani. Baba Barasa akaitikia amina kila mahali, akidhani anaombea gari. Mimi ndiye niliyeshtuka aliposema "mwili wake ulale salama."

"Mama Njeri, Nanjala hajafa. Anaolewa!"

Akafumbua macho. Kisha tukacheka wote watatu mpaka mukimo ukapoa, naye akasema sala haipotei, Mungu ataipeleka panapohitajika. Akatupa kitanda cha binti yake. Nililala nikiwa na hasira, lakini nimeshiba.

Kamukuywa hadi Chwele

Asubuhi injini ilikuwa baridi, na gari likawaka kama halijawahi kukosea. Nikaendesha polepole, nikilipita kila tuta kama napita juu ya mtoto aliyelala. Ukipita Kimilili barabara ni nzuri, na nikaanza kuamini. Tulipofika Chwele, mtu wa mkokoteni wa vitunguu akanikatia mbele, nikakanyaga breki kwa nguvu, injini ikatikisika, ikazima.

Nikampigia Wanyonyi kumwambia tutachelewa kidogo. Hakushika. Nikapiga tena. Hakushika. Nikatuma ujumbe. Hakujibu. Nikafikiri yuko kwenye shughuli za hema.

Gereji ya Chwele ni ya mtu anaitwa Masika, mkubwa wa mwili na wa sauti. Naye alikuwa na kimashine. Alipofungua mdomo, nilimwahi.

"Ni sensa ya kamshafti."

"Ee, umejua aje?"

"Kwa sababu hii ya tatu iko hapo ndani, na nyingine mbili hizi hapa." Nikazimwaga juu ya meza yake.

Masika akazitazama, akakuna shingo, kisha akamgeukia mume wangu. "Basi mzee, kama sensa zote ni mzima, hiyo ni cheni. Cheni imelegea, kamshafti imeachana na injini. Hii injini razima ishuke."

"Ishuke lini?" nikauliza.

"Leo tunashusha, Jumatatu tunaangaria."

Dada zangu, hapo nililipuka. Nilimwambia huyo mzee ni mshonaji, na akitaka suruali amuulize yeye. Akitaka kujua habari za gari hili aniulize mimi. Nilimwambia kuna wageni wa watu wamekaa Kanduyi wakinisubiri mimi. Nilimwambia kimashine chake hakijasema sensa imekufa. Kimesema habari ya sensa haifiki. Mtu akikutumia ujumbe na usifike, utamzika yeye, au utaangalia njia? Cheni ingelegea, gari lingesumbua kila wakati, likiwa baridi na likiwa moto, kwenye lami na kwenye matuta. Hili lazima kwanza litikiswe.

Watu wa karibu walikuwa wameacha kazi wanasikiliza. Masika alikasirika, niliona. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, usinigombeze mbele ya watu."

"Basi nionyeshe kwamba nimekosea. Washa gari, halafu tikisa hizo nyaya."

Ningemwelewa kama angetufukuza. Lakini alijifuta mikono, akaniambia, "Washa wewe." Mimi, si mzee.

Nikawasha. Akaanza kwenye soketi ya sensa, akaichezesha: injini haikujali. Akasogea kwa vidole, kidogo kidogo, akiufuata ule mrija mweusi unavyopita juu ya injini na kushuka nyuma yake, mahali ambapo mtu haoni mpaka ainame. Akausukuma pale. Injini ikakata.

"Washa tena." Nikawasha. Akasukuma. Ikakata.

"Ngai," akasema mtu nyuma yangu.

Masika alipasua ule mrija kwa kisu. Ndani kulikuwa na nyaya tatu za sensa: mmoja wa kuleta umeme, mmoja wa kuurudisha, na mmoja wa kupeleka habari kwenye kompyuta. Zilikuwa zimefungwa karibu mno na kipande cha chuma, na kila injini ilipotikisika zilisuguliwa. Ule wa habari ulikuwa umelika hadi shaba, nyuzi zake zimebaki chache, nazo zikigusa chuma. Sasa nilielewa kwa nini kila sensa mpya ilionekana kuponya: mtu akiitoa na kuitia alikuwa anausogeza waya bila kujua, na injini ilikuwa imepoa. Masika akaleta kipimo, akashika ncha mbili za ule waya. Kipimo kikalia, kikanyamaza, kikalia, kadiri alivyoupinda.

Akaukata penye kidonda, akaunga kwa risasi ya kuchomea, akauzungushia tepu, kisha akazifunga nyaya mbali na kile chuma. Alikuwa mtu mwenye mkono mzuri, na hilo lilinikasirisha zaidi: alijua kazi yote hii tangu mwanzo, na bado alitaka kuishusha injini yangu.

"Sasa toa hiyo sensa mpya," nikamwambia, "nirudishie ile ya kwanza kabisa, niliyotoka nayo Saboti."

"Ya nini, mama? Si imepona?"

"Nataka kujua."

Akaitia ile ya zamani. Nikawasha, nikaliacha lipate joto, nikalipitisha kwenye mashimo yote ya sokoni Chwele, mbele na nyuma, Baba Barasa akiruka juu ya kiti. Halikuzima. Taa haikuwaka. Sensa yangu ilikuwa nzima tangu Ijumaa asubuhi. Nzima! Na fundi wa Kitale aliitangaza maiti bila hata kumshika mkono.

Masika hakunibishia. Alisema tu, "Mama, mashine ikisema, mtu anaacha kufikiria. Hata mimi." Nikamwambia hayo ni maneno ya mtu mzima. Lakini sikutabasamu.

Chwele hadi Kanduyi

Tulifika saa nane imepita. Hema lilikuwa limesimama, wageni wamekaa, mbele yao vikombe vya chai vitupu. Kwenye kiti changu alikaa Mama Sifa, binamu yetu wa mbali, akitazama viatu vyake. Aliponiona alisimama haraka kama aliyekalia moto.

Wanyonyi akanivuta nyuma ya nyumba.

"Umekuja," akasema.

"Ulitaka nisije?"

"Si ulisema huji? Jana kwa simu. Nilikusikia: 'Siji.' Halafu ukanikatia."

Nilimtazama. Nikamrudishia sentensi nzima, neno kwa neno, na boda yake na kutambaa kwake. Akainamisha kichwa. Akasema alifikiri bado nina uchungu wa lile shamba la mama, tuliloligombania mwaka juzi, na kwamba nimeamua kumwaibisha mbele ya wakwe. Ndiyo maana hakushika simu zangu. Aliwaambia wageni nina homa, akamweka Mama Sifa, na Nanjala akajifungia chumbani, akasema hatoki mpaka senge wake afike. Saa nzima wazee wa watu walikuwa wananywa chai na kujiuliza hii ni familia gani.

"Dada, nilidhani umekasirika."

"Sikuwa nimekasirika, Wanyonyi. Sasa ndiyo nimekasirika." Na sauti yangu ilikatika hapo, sitawaficha. Gari ni chuma. Mafundi sikuwajua, hawakunijua. Lakini huyu tumenyonya ziwa moja, akasikia neno moja kwenye laini mbovu, na badala ya kupiga tena akalijazia mengine yote mwenyewe. "Nimelala njiani kwa ajili ya mtoto wako. Ungepiga mara moja tu. Mara moja!"

Alinichotea maji, nikaosha mikono, grisi ikakataa kutoka kwenye kucha. Nikaingia hivyo hivyo. Nikabisha kwenye chumba, nikasema, "Nanjala, ni mimi." Mlango ukafunguka kabla sijamaliza jina lake. Tukatoka pamoja, nikakaa kwenye kiti changu, nikawaomba wageni radhi kwa niaba yangu na ya barabara. Kisha nikamuuliza Nanjala mbele ya wote kama anawajua watu hawa na kama tuwapokee. Akasema anawajua, na tuwapokee. Mambo yakaenda vizuri kuanzia hapo. Wazee walikuwa watu wa utani.

Chakula kikaletwa: ugali wa wimbi, kuku wa kienyeji, mboga. Nilikula bila kumtazama Wanyonyi. Mnajua kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mama yetu alizeeka na kufa bila kuionja, na mimi nimepika kuku maisha yangu yote nikiitenga kwenye sahani ya mwanamume. Ilikuwa kwenye sahani ya Wanyonyi, mbele ya wakwe zake. Akaichukua kwa vidole, akanyoosha mkono juu ya meza, akaiweka kwenye sahani yangu.

Mzee mmoja wa wageni akakohoa. Mama Sifa akafunika mdomo kwa leso. Wanyonyi alikuwa ananitazama mimi tu, na macho yake yalikuwa mekundu.

Nikaila yote, polepole. Asante sikumwambia. Nilimwambia anisogezee chumvi.